Kituo cha Kwihara



Nilipoombwa niandike machache kwa ajili ya gazeti hili la mkutano wetu, nilifikiri kwanza kuandika juu ya mpira, au juu ya ugali wa bwenini, mambo ambayo kila mzee hapa anayo ya kusimulia. Lakini nimeona heri nilipe deni la siku nyingi. Deni hilo ni swali tulilopewa na mwalimu wetu wa historia Jumamosi moja, nilipokuwa kidato cha pili, na ambalo tulilijibu vibaya.

Siku hiyo mwalimu alituchukua kwa miguu kutoka shuleni mpaka Kwihara. Ninyi wa Tabora mnapajua. Ni mwendo usiozidi asubuhi moja, na peke yake haumchoshi kijana. Lakini mwalimu alikuwa ametuandalia mti mrefu, na katikati ya mti huo amefunga gunia la mchanga. Akaagiza tulichukue gunia lile wawili wawili kwa zamu, mmoja mbele na mwingine nyuma, na pasiwe na mtu wa kuliweka chini mpaka yeye aseme. Mwanzoni tulicheka na kuimba. Kabla ya nusu ya njia, nyimbo zilikuwa zimekwisha. Mti ule ulituchubua mabega, na gunia likawa linayumba hata mtu wa nyuma akashindwa kufuata hatua za mtu wa mbele.

Tulipofika kwenye tembe la Kwihara, mwalimu alituambia tulishushe gunia, tukakaa kivulini. Ndipo akauliza: "Kama mzigo huu mngekuwa mmeubeba miezi mitano, na hapa mmefika mjini, penye chakula na nyumba, kisha mtu mkubwa akawaambia, 'Sasa yatosha, zikeni hapa hapa,' mngefanyaje?" Sote tulijibu kwa sauti moja, "Tungezika!" Mwalimu hakutukemea. Alianza kutusimulia habari za akina Susi na Chuma, na habari hizo ndizo ninazotaka kuzieleza hapa, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye.

Katika vitabu vya zamani watu hawa walitajwa kwa ufupi mno, kama watumishi waaminifu wa Daktari Livingstone. Baada ya hapo mwandishi aliendelea na habari za Daktari mwenyewe. Ni vema basi tuanze kwa kuwajua. Abdullah Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, na alianza kazi kwa Livingstone kama kibarua wa chombo. James Chuma alikuwa Myao. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akaachiliwa huru mwaka 1861 katika bonde la Shire, pale Livingstone na wamisionari walipokutana na msafara wa watumwa. Wote wawili walivuka bahari hadi Bombay mwaka 1864, na wote wawili walikuwamo katika msafara ulioanzia pwani karibu na mto Ruvuma mwaka 1866. Kwa hiyo Livingstone alipofariki walikuwa wametembea naye miaka saba mizima. Hawakuwa wageni wa njia.

Pamoja nao walikuwapo watu zaidi ya hamsini ambao Stanley aliwaajiri Unguja na kuwatuma bara mwaka 1872. Miongoni mwao walikuwa vijana waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, huko Bara Hindi. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alijua kuandika vizuri. Mwingine, Matthew Wellington, aliishi miaka mingi baadaye, akafariki Mombasa mwaka 1935. Walikuwapo wanawake pia, akiwemo Halima, mpishi wa Daktari.

Msafara huu ulitoka hapa hapa Kwihara tarehe 25 Agosti 1872. Livingstone alikuwa amekaa hapa miezi mitano akiwangojea wapagazi hao, na walipowasili hakukawia. Kumbukeni tarehe hiyo, maana tutairudia.

Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Asubuhi ile watu walikutana wakashauriana. Hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru wala bwana wa kuwaadhibu. Mshahara wao ulikuwa pwani, mbali mno. Kila mmoja angeweza kuchukua kipande cha nguo na kwenda zake. Badala yake walifanya mambo matatu. Waliorodhesha mali yote ya marehemu, na Jacob akaandika. Waliwachagua Susi na Chuma wawe viongozi wao, wakaahidi kuwatii. Na waliamua kuuchukua mwili mpaka Unguja.

Chitambo mwenyewe, aliyekuwa mtu wa busara, aliwashauri wamzike pale, kwa sababu alijua hatari ya kupita na maiti katika nchi za watu. Walipokataa hakuwazuia, bali aliomboleza pamoja nao. Farijala, ambaye aliwahi kuwa mtumishi wa daktari huko Unguja, aliupasua mwili. Moyo na matumbo vilizikwa chini ya mti, Jacob akasoma sala, kisha akachonga jina na tarehe kwenye mti ule. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani wiki mbili, ukafungwa kwa nguo, ukatiwa ndani ya gome la mti, ukashonewa turubai na kupakwa lami. Mwishowe ulifungwa kwenye mti ili uchukuliwe na watu wawili. Hapo ndipo nilipolielewa gunia letu la mchanga.

Safari ilianza vibaya. Hawakwenda siku nyingi, nusu ya watu wakalala kwa maradhi, Susi akiwa mmoja wao, na msafara ukasimama kwa muda wa mwezi hivi. Walipopona walivuka mto Luapula kwa mitumbwi. Upande wa pili simba alimuua punda wao. Kila siku ilikuwa na taabu yake, lakini siku iliyokuwa ngumu kupita zote ni ile ya kwa Chawende.

Chawende alikuwa na mji wenye boma la miti. Msafara ulitanguliza watu wawili kuomba mahali pa kulala, kama ilivyokuwa desturi ya njia. Waliobaki walingoja, na wajumbe hawakurudi upesi. Msafara uliposogea ulikuta watu wa mji wamekunywa pombe, mtoto wa mkubwa wa mji akiwa amelewa, na maneno yakawa makali. Walikatazwa kuingia. Jioni ilikuwa inakaribia, watu walikuwa wamechoka, wagonjwa walikuwamo, na mwili ulikuwa begani. Baadhi ya vijana wa msafara wakajipenyeza ndani ya boma. Ugomvi ukazuka, mishale ikatoka, watu wa msafara wakajeruhiwa, nao wakapiga bunduki. Wakati vurugu inakwisha wenyeji walikuwa wamekimbia, wengine wameuawa, na msafara umeutwaa mji. Vijiji vya jirani navyo vilichomwa moto. Walikaa pale juma zima wakila chakula walichokikuta, kisha wakaendelea.

Mwalimu wetu alipofika hapa alinyamaza kidogo, nasi tukadhani anangoja tupige makofi. Aliuliza, "Na watu wa Chawende nao walisemaje?" Hakuna aliyejibu, maana hakuna kitabu cha watu wa Chawende. Habari hizi tunazo kwa sababu Susi na Chuma walialikwa Uingereza mwaka 1874, wakamsimulia kasisi Horace Waller, naye akaziandika mwishoni mwa shajara za Livingstone alizozitoa mwaka huo huo. Wanaosimulia ni wale walioshinda. Huenda wenyeji wa Chawende waliuona msafara ule kama walivyoiona misafara mingine yenye bunduki iliyopita kwao kutafuta watumwa na pembe. Katika miaka ile, mwenye mji aliyefunga mlango wake mbele ya watu wenye bunduki hakuwa mpumbavu.

Nasema haya kwa sababu sipendi kuwageuza mashujaa wetu kuwa malaika. Walikuwa watu waliochoka na wenye silaha, na siku ile walifanya jambo ambalo wenyeji wale walililipia kwa damu na kwa nyumba zao. Lakini pia nasema kwamba siku ya kwa Chawende, kwa ukali wake wote, haikuwapa nafasi ya kuchagua. Mtu aliyekwisha kurushiwa mshale hachagui tena. Jambo la kuchagua liliwangoja mbele, kwenye mji.

Walizunguka ziwa Tanganyika upande wa kusini, kwa mbali, wakilikwepa eneo la kando ya ziwa ambalo walikuwa wanazijua taabu zake. Njiani walipata habari kwa wasafiri wengine kwamba kuna msafara wa Waingereza uko Unyanyembe, na kwamba ndani yake yumo mtoto wa Livingstone. Habari hii ya pili haikuwa kweli. Jacob aliandika barua kwa mtoto huyo, kumweleza kwamba baba yake amefariki ng'ambo ya nchi ya Wabisa, kwamba wanamleta, kwamba kumi katika wao wamepotea, na kwamba njaa inawabana, hivyo wanaomba nguo za kununulia chakula. Chuma alitangulia na barua hiyo, akafika Kwihara tarehe 20 Oktoba 1873.

Msafara aliokuta hapa ulikuwa wa Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, kijana wa miaka 29, aliyetumwa kwenda kumsaidia Livingstone. Alikuwa amepangishwa katika tembe lile lile walilokaa Livingstone na Stanley. Cameron na mwenzake Daktari Dillon walikuwa taabani kwa homa na maradhi ya macho. Cameron mwenyewe ameeleza kwamba aliisoma barua kwa shida, asiielewe, akampelekea Dillon, naye asiielewe, wakabaki wakijiuliza kama ni baba wa mmoja wao aliyefariki. Ilibidi Chuma aitwe ndani aeleze kwa mdomo. Basi ndugu zangu, katika tembe lile siku ile, mtu aliyejua yote yaliyotokea na yanayopasa kufanywa alikuwa Chuma.

Baada ya siku chache mwili ukaingia. Liwali wa Waarabu, Said bin Salim, na wakubwa wenzake walihudhuria kuupokea, askari wakapangwa safu mbili, na mwili ukapita katikati yao. Sasa irudieni ile tarehe niliyowaomba mwikumbuke. Miezi kumi na minne kabla ya hapo, watu hawa walitoka Kwihara na mzee akitembea kwa miguu yake. Sasa walirudi naye juu ya mti.

Fikirini walivyokuwa siku ile. Tabora ya wakati huo ulikuwa mji mkubwa wa njia, ingawa vita na Mirambo, vilivyoanza mwaka 1871, vilikuwa havijakwisha. Palikuwa na chakula, nyumba, maji, na watu wanaozungumza lugha yao. Wapagazi wengi wa misafara hawakupenda kuondoka mji wa namna ile. Wengine walipofika walishusha mzigo, wakapotea mitaani. Na mbele yao ilibaki njia ya kwenda pwani, Ugogo ikiwa katikati, njia ya miezi mitatu, kwa sababu reli haikufika Tabora mpaka mwaka 1912.

Ndipo Cameron akawashauri wauzike mwili hapa. Shauri lake halikuwa baya. Aliziogopa hatari za njia, na Livingstone mwenyewe aliwahi kuandika kwamba angependa kuzikwa msituni, mahali patulivu. Kama wangekubali, hakuna mtu duniani ambaye angewalaumu. Wangekuwa wameleta mwili mamia ya maili, na wangekuwa wameukabidhi kwa afisa wa serikali ya nchi ya marehemu. Mzigo ungekwisha kwa heshima.

Walikataa. Walimsikiliza Cameron kwa adabu, kisha wakasema wataendelea mpaka pwani.

Kwa nini walikataa? Vitabu vya zamani hujibu kwa neno moja tu, mapenzi. Sikatai kwamba walimpenda. Lakini naona ilikuwapo sababu nyingine, na sababu hiyo inaonyesha akili yao zaidi. Mwaka 1866, mwanzoni mwa safari, Wanzwani kadhaa waliokuwamo katika msafara walimtoroka Livingstone. Walipofika Unguja walisema ameuawa. Habari hizo zilisambaa hadi Ulaya, na ilibidi kutumwa msafara mzima mwaka 1867 kuthibitisha kwamba ni uongo. Susi na Chuma waliyajua hayo. Walijua kwamba mtu mweusi akifika pwani na kusema, "Bwana amekufa, tumemzika," wa kwanza kutiliwa shaka ni yeye. Neno lao peke yake halikutosha mbele ya ubalozi. Shahidi wao ulikuwa ule mwili.

Na yaliyotokea baadaye yaliwathibitishia. Mwili ulipofika London, wapo waliokuwa na shaka kama kweli ni Livingstone. Ulipochunguzwa, mfupa wa mkono wa kushoto ulionekana una alama ya kuvunjika zamani, pale simba alipomng'ata mwaka 1844. Shaka ikaisha. Kama wangekubali kuzika Kwihara, mfupa ule ungekuwa umelala hapa, na pengine hata leo watu wangekuwa wanabishana.

Jambo la pili lililotokea Kwihara halisemwi sana. Cameron alifungua masanduku ya marehemu akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia, kwa kuwa vilimfaa katika safari yake mwenyewe. Wapagazi hawakupendezwa hata kidogo, kwa sababu walikuwa wameviorodhesha na kuvitunza tangu kwa Chitambo. Hata hivyo hawakupigana. Vyombo waliviachia, lakini mwili na karatasi walivishika. Hapo naona uongozi wa kweli. Kwa Chawende walishindwa kuzuia mikono yao. Kwihara, mbele ya jambo lililowaudhi, waliizuia, wakatofautisha kati ya kinachoweza kuachwa na kisichoweza.

Cameron alielekea magharibi, na mwishoni mwa mwaka 1875 akatokea bahari ya Atlantiki. Mwenzake Murphy alijiuzulu, akafuatana na mwili kwenda pwani. Dillon naye alianza safari ya kurudi, lakini tarehe 18 Novemba 1873, akiwa katika wazimu wa homa, alijiua kwa bunduki huko Kasekera.

Huko huko Kasekera ilionekana kwamba Cameron hakuogopa bure. Wenyeji walikataa kabisa maiti ipite. Safari hii akina Susi hawakushika bunduki. Walitangaza kwamba wamebadili shauri, na kwamba wataurudisha mwili Unyanyembe ukazikwe. Kisha kwa siri waliufungua mwili kutoka katika gome, wakaufunga upya kwa nguo mpaka ukawa na umbo la mtumba wa bidhaa kama mitumba mingine yote. Ninyi vijana mtashangaa kusikia neno hili, maana kwenu mitumba ni nguo za sokoni, lakini wakati ule mtumba ulikuwa furushi la mpagazi. Halafu walichukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo kwenye mti kama maiti, na watu wachache wakaondoka nayo kwa huzuni kurudi magharibi. Walipofika porini waliyatupa mabua kidogo kidogo, usiku wakazunguka na kujiunga na wenzao. Msafara ukapita Kasekera, wenyeji wakitazama mitumba inavyopita, na hakuna aliyeumia.

Msomaji mwenye makini ataona tofauti ya siku hizo mbili. Kwa Chawende walipita kwa bunduki na moto. Kasekera walipita kwa akili. Kati ya siku hizo mbili kuna kituo cha Kwihara. Mimi naamini kwamba watu waliokaa wakashauriana katika mji huu, wakakataa neno la mkubwa bila kumtukana, hawakuwa tena watu wale wale waliovamia lile boma. Kabla ya Kwihara walikuwa wakikamilisha uamuzi wa siku ya msiba. Baada ya Kwihara walikuwa wakifuata uamuzi walioufanya upya, wakiwa wanazijua taabu zake zote.

Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Wakati walipokuwa njiani dunia ilikuwa imebadilika bila wao kujua. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, soko ambalo baadhi yao wangeweza kuuzwa humo. Na shukrani walizopata pwani zilikuwa hizi: mwili ulichukuliwa na manowari, wao wakalipwa mishahara yao, wakaambiwa kazi imekwisha. Katika wote, ni Jacob Wainwright peke yake aliyesafiri na mwili hadi Uingereza, naye alikuwa mmoja wa waliolichukua jeneza katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Chama cha Jiografia cha London kiliwatengenezea wapagazi wale nishani, lakini zilipofika Unguja wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Chuma aliendelea kuongoza misafara, akafariki Unguja mwaka 1882, bado kijana. Susi alifanya kazi na Stanley huko Kongo, akafariki mwaka 1891. Jacob Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892, karibu nasi kabisa. Wangapi kati yetu tuliosoma hapa tumewahi kumkumbuka tunapopita Urambo kwa gari?

Sasa narudi kwenye gunia letu la mchanga. Mwalimu alipomaliza kusimulia, jua lilikuwa limeanza kuinama. Alisema gunia lirudi shuleni kama lilivyokuja, kisha akatangulia mbele na wale wenye miguu mizuri. Sisi wa nyuma tuliachwa na mti. Nakiri hapa mbele ya wazee wenzangu, na wapo wawili au watatu watakaocheka wakisoma, kwamba tulipokwisha kuona hatuonekani, tulilifungua gunia tukamwaga nusu ya mchanga kando ya njia. Tulifika shuleni tukipiga mluzi. Mwalimu alilinyanyua gunia kwa mkono mmoja, akatutazama, akaliweka chini. Hakusema neno. Ningependa kama angetuchapa.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimeona kwamba siku ngumu za maisha, zile za kwa Chawende, mtu huzipita kwa vyovyote, vizuri au vibaya, kwa sababu hana njia nyingine. Kinachompima ni siku anapofika mjini. Amepumzika, ameshiba, na mtu mwenye heshima zake anamwambia kwa upole kwamba yatosha. Wengi wetu tuliishia hapo, na hakuna aliyetulaumu. Nami ni mmoja wao, katika mambo ambayo si lazima niyataje hapa.

Kwenu vijana wa leo nina ombi dogo. Muda ukiwapo, siku moja nendeni Kwihara kwa miguu. Msiende kuangalia tembe la Livingstone tu. Kaeni kivulini pale nje, mahali waliposimama wale walioubeba ule mti, mkajibu swali la mwalimu wetu kwa niaba yetu. Na mkichukua gunia, lirudisheni limejaa.